Aliyemwosha Shamsia

Kwenye msiba wa Shamsia Rehani wanawake walikuwa wengi na machozi machache. Walikuja kwa sababu msiba wa jirani hauachwi, wakakaa majamvini uani kwa mjomba wake, Mzee Zaidi, wakazungumzia bei ya maharage. Mmoja alisema afadhali, sasa Kwamndolwa nzima itapumua. Mwenzake akamwambia anyamaze, maiti bado yuko ndani.

"Kwani atanirekodi?" akajibu, na jamvi zima likacheka huku midomo imefichwa kwenye khanga.

Shamsia alikuwa mwigizaji wa filamu. Miaka mingi alicheza mama wa kambo anayewanyima watoto chakula, na watu wakamchukia kwa mambo ya uongo. Filamu zilipoacha kulipa, alirudi Korogwe kwa wajomba, akajenga nyumba ya bati jekundu, akaanza kutengeneza video fupi za kuchekesha za simu. Hapo ndipo walipomchukia kweli, kwa maana vichekesho vyenyewe walikuwa wao. Alimrekodi sheikh akisinzia katikati ya mawaidha yake mwenyewe. Alimrekodi Maryamu akiteleza na ndoo ya maji, gauni likampanda hadi kiunoni. Wageni wa Dar es Salaam walicheka kwenye simu zao, na watu wa Kwamndolwa walicheka pia, kila mmoja mpaka siku ilipofika zamu yake.

Ndani, nyuma ya mapazia ya khanga, Mwanaidi alikuwa akimwosha. Yeye ndiye aliyekuwa muosha wa wanawake mtaa mzima. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake huko kwao Handeni, pamoja na kanuni yake ya kwanza: muosha anachokiona juu ya kile kitanda hatoki nacho mlangoni. Kama maiti ana kovu, ana mimba, ana donda la aibu, muosha anamstiri, naye Mungu atamstiri siku yake. Kwa kanuni hiyo wanawake walimwamini Mwanaidi na miili yao kabla hata hawajafa. Walimwambia sokoni, kwa utani usio utani, "Wewe ndiye utakayenivua mara ya mwisho."

Maryamu, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa anamimina maji ya mkunazi. Mwanaidi aligeuza kichwa cha maiti ili apitishe kitambaa shingoni, na mkono wake ukasimama.

Upande mmoja wa shingo kulikuwa na alama nne za vidole, nyeusi, zimepangana. Upande wa pili zilikuwepo mbili tu, za chini. Juu yake, pale ambapo vidole vingine viwili vingepaswa kukaa, ngozi ilikuwa safi kabisa.

Mzee Zaidi alikuwa ametangaza kwamba mpwa wake kafa kwa presha. Hakutaka maneno, alitaka azikwe kabla ya alasiri. Lakini Mwanaidi aliijua alama ile. Aliwahi kuiona juu ya mkono wake mwenyewe, zaidi ya mara moja, kila mumewe alipomshika kwa hasira. Adamu alifanya kazi kiwandani Ngombezi, na mashine ya kuchana mkonge, ile wanayoiita korona, ilimchukulia kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia.

"Mimina," akasema.

"Nimemimina, dada."

"Mimina tena."

Maryamu alimimina. Aliitazama ile shingo, kisha akautazama ukuta, na hakuondoa macho ukutani mpaka sanda ilipofungwa.

Jeneza lilipotoka, wanaume walipokezana. Adamu alikuwa wa mbele. Sheikh alipouliza wanamshuhudia vipi marehemu, walijibu "mwema" kwa sauti ya watoto wanaojibu mwalimu wasiyempenda, na sauti ya Adamu ilikuwemo.

*

Siku chache baadaye lilikuja gari la polisi. Wenzake Shamsia wa Dar es Salaam walikuwa wamelalamika: simu yake haionekani, na mlango wa nyuma wa nyumba yake umevunjwa kitasa. Aliyeshuka alikuwa mpelelezi mwanamke, Sajenti Efrazia, mtu wa milimani, mwembamba, mwenye viatu vya raba na sauti ya upole iliyowatisha watu kuliko makelele. Alikuja na kibali cha mahakama. Kaburi likafukuliwa mchana kweupe, na daktari akasema mfupa wa koo umevunjika. Zaidi ya hapo hakuweza kusema. Ngozi ilikuwa imeshaharibika.

Basi Kwamndolwa ikajua kwamba ni mauaji, na kabla ya jua kuzama ikawa imeshampata muuaji.

Shamsia alikuwa na mlinzi, kijana wa Kimasai aitwaye Leboo, kutoka nyanda kavu za Handeni. Usiku wa kifo hakuwepo lindoni. Baadaye alisema alikwenda kumwona mama yake mgonjwa na hakuaga kwa sababu Shamsia angemkata mshahara. Alikuwa hajasikia lolote. Aliposhuka kwenye basi na kifurushi cha maziwa ya mgando, vijana wa bodaboda walimzunguka pale pale stendi.

"Mlinzi gani unatoka lindoni bosi anakufa?"

"Nilikwenda kwa mama."

"Kwa mama. Mtu mzima unamkimbilia mama. Muulizeni mama yake ana simu ya nani."

Mwanaidi alikuwa upande wa pili wa barabara, anauza maandazi. Aliona fimbo ya Leboo mwenyewe ikichukuliwa mkononi mwake na kutumika. Aliona pikipiki zikipangwa duara ili asipate pa kutokea. Adamu alikuwa pale pia, nyuma ya umati, mkono wa kulia mfukoni. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu. Adamu ndiye aliyeyashusha kwanza, akanunua maji ya kunywa.

Mwanaidi alifungua mdomo. Alitaka kusema neno moja tu, "Mwacheni." Mteja akamwambia, "Mama, chenji yangu," naye akampa.

Efrazia alipofika na askari wawili, Leboo alikuwa amelala juu ya maziwa yake na jicho lake la kushoto halikuwa jicho tena.

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Efrazia alikaa kwenye kigoda badala ya kiti. Nyumba ya Mwanaidi ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mdogo. Ukumbini alilala Bi Sakina, mama yake Adamu, aliyepooza upande mmoja, anayelishwa na kuogeshwa na Mwanaidi kila asubuhi. Macho ya bibi yalikuwa wazi. Masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

"Mama, nina shida," alisema Efrazia. "Kesi nyingine natafuta mwenye sababu ya kuua. Hii, kila niliyemuuliza ana sababu. Sheikh anayo. Mdogo wako anayo. Mjomba mtu ndiye aliyeharakisha mazishi. Nikisema niwakamate wenye sababu, itabidi nilete mabasi."

"Alikuwa na maneno, marehemu."

"Na mumeo? Niliiona ile video."

Kila mtu aliiona. Shamsia alimwita Adamu kibarazani, akampa kikombe cha chai, akamrekodi akihangaika kukishika kwa vidole vyake vitatu. Aliiita "Uma wa Korogwe." Tangu hapo Adamu hakuweza kupita sokoni. Watoto walimwita, "Uma, chipsi zimeiva." Konda mmoja wa Segera alimwambia mbele ya abiria kwamba Uma halipi nauli nzima, alipe kwa hesabu ya vidole. Aliacha kwenda msikitini kwa sababu ya kutawadha mbele ya watu.

"Alichekwa kama wengine," alisema Mwanaidi.

"Usiku ule alikuwa wapi?"

"Alilala."

"Hapa?"

"Sasa angelala wapi, mwanangu?"

Efrazia alisogeza kigoda karibu. "Wewe ndiye uliyemwosha. Mikono yako ilipita shingoni kwake. Daktari amekuta mfupa, wewe ulikuta ngozi. Niambie uliona nini."

"Siwezi."

"Hukuona, au huwezi?"

"Muosha hasemi, Afande. Ndiyo dini yetu. Ukifa wewe nikakuosha, ungependa kesho nikusimulie stendi?"

"Mimi nikiuawa, mama, nisimulie hadi redioni." Hakucheka. "Yule kijana alipigwa na watu na wala hawajui kama ni yeye. Wakubwa zangu wameshachoka, wanataka kesi ifungwe. Mlinzi aliyetoroka lindoni wanaona inatosha. Na kesi ya mauaji si ya kuku."

Aliposimama kuondoka, alimwinamia Bi Sakina kumwamkia. Bibi alimwitikia vizuri, akamshukuru kwa kuja, kisha akasema kwa ulimi wake mzito, "Mmasai huyo. Mnatafuta nini tena?"

*

Noonkipa, mama yake Leboo, alikuja kutoka Handeni na dumu la maziwa ambalo alikatazwa kuingia nalo mahabusu. Hakuwa na ndugu Korogwe. Mchana alikaa nje ya geti la kituo, na jioni alipita nyumba hadi nyumba akiomba mtu wa kumsemea. Kwa Mzee Zaidi walimfungulia mbwa. Kwa Maryamu walimwambia hayupo, na aliyesema hayupo alikuwa Maryamu mwenyewe, akiwa nyuma ya mlango.

Kwa Mwanaidi alikuta mlango wazi.

"Wanasema wewe ndiye ulimshika marehemu mwisho," alisema Noonkipa kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mwanangu alikuwa kwangu. Nilikuwa na homa, alinikoroga uji. Lakini wanasema mama si shahidi. Wewe si mama yake. Wewe wanakusikiliza."

"Kaa, unywe chai."

"Sitaki chai. Wewe una mtoto?"

"Ninaye mmoja, Abdi. Yuko Tanga."

"Ana macho yote?"

Mwanaidi aliondoa birika jikoni akalirudisha. Noonkipa alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama ng'ombe anayeambiwa ni mzima, kisha akachukua dumu lake akaenda.

*

Adamu alirudi kabla ya magharibi. Mwanaidi alimpa maji ya kuoga, akamtengea ugali na mlenda, akasubiri amalize.

"Baba Abdi, nenda kwa Afande."

"Kufanya nini?"

"Unajua."

Adamu alinawa mikono taratibu. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini sasa aliongea kama aliyekuwa akingojea kuulizwa.

"Nilikwenda kumwomba aifute. Tu. Nilivua kofia, mke wangu. Nikamwambia, dada Shamsia, mimi ni mtu mzima, nina mjukuu Tanga, wanamcheka shuleni. Ifute. Akachukua simu. Nikajua anafuta. Kumbe ananirekodi. Akasema, omba tena, ile ya kwanza mwanga haujakaa vizuri."

Ukumbini Bi Sakina alikohoa.

"Ungeondoka," alisema Mwanaidi.

"Niliondoka. Nikafika kwenye mwembe wa shule, nikasikia anacheka peke yake ndani ya nyumba. Nikarudi. Alikuwa ameshafunga mlango."

"Leboo hakukucheka."

"Hakunicheka, ndiyo. Na mimi sikumshika. Mungu amemleta, wewe unamrudisha?" Alimsogelea. "Utasema nini? Kwamba ulimvua mtoto wa watu, ukamkagua, ukaenda kumtangaza polisi? Mwanamke gani Kwamndolwa atakubali umguse baada ya hapo? Watakuzika kama mbwa."

"Kama hutakwenda wewe, nitakwenda mimi."

Alimshika mkono juu ya kiwiko. Hakupiga kelele wala hakumpiga. Alimshika tu, akabana, na kubana, akimwangalia usoni, mpaka Mwanaidi akapiga magoti kando ya sinia. Kutoka ukumbini Bi Sakina alisema, "Adamu, inatosha, atashindwa kunigeuza kesho." Akamwachia.

*

Asubuhi Mwanaidi alimwogesha mama mkwe kama kawaida, akamgeuza kwa mkono mmoja, akampaka mafuta, akamlisha uji. Kisha akavaa baibui akaenda kituoni. Noonkipa alikuwa amekaa pale pale nje ya geti. Mwanaidi alimpita bila kumwamkia, kwa kuwa hakujua amwamkie vipi.

Efrazia alimwingiza kwenye chumba kidogo, akafunga mlango.

"Umekuja kusema, mama?"

"Sikuja kusema. Niliyoyaona kwa maiti nimeyaacha kwa maiti." Alikunja mkono wa baibui, kisha wa gauni ndani yake, hadi begani. "Huu ni mwili wangu. Wangu sina wajibu wa kuustiri."

Kwenye nyama ya mkono kulikuwa na alama ya dole gumba, pana, ya zambarau. Upande wa pili zilikuwa mbili za chini, na juu yake ngozi safi.

Efrazia alitazama bila kugusa. Aliweka kiganja chake hewani karibu na ule mkono, akakunja kidole cha shahada na cha kati, akalinganisha. Kisha, polepole, akakipeleka kile kiganja shingoni kwake mwenyewe na kumtazama Mwanaidi machoni.

Mwanaidi hakutikisa kichwa. Alikuwa analia, na aliendelea kumtazama, wala hakumzuia.

"Nimeelewa," alisema Efrazia. "Shusha nguo, mama."

Walimkuta Adamu nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Simu ya Shamsia waliiopoa chooni kwake ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa mbolea. Hakukimbia, na baadaye hakukana. Mtaa mzima ulisimama barabarani kutazama, na vijana wale wale wa bodaboda walikuwepo. Mmoja alisema, "Duh, Uma kumbe," na hakuna aliyemcheka. Alipofika kwenye gari Adamu aligeuka, akamtafuta mkewe, akampata.

"Umeniosha ningali hai," alimwambia.

Wote waliokuwepo waliusikia huo msemo, na hadi jioni ulikuwa umeshafika Segera.

*

Leboo aliachiwa. Alitoka akiwa na bandeji usoni, ameshikwa mkono na mama yake kama mtu anayejifunza njia. Mwanaidi alikuwa amewafuata na mfuko wa maandazi ya safari. Noonkipa aliupokea, akaufungua, akayatazama, akaufunga na kumrudishia.

"Ulijua siku ile ile ulipomwosha," alisema.

"Nilijua."

"Basi umechelewa kwa jicho moja, mama."

Wakapanda basi la Handeni.

Abdi alipiga simu mara moja tu kutoka Tanga. Alisema hana la kumwambia, anataka kuongea na bibi. Mwanaidi alimshikia Bi Sakina simu sikioni mpaka walipomaliza, kwa kuwa mkono wake usiopooza ulichoka upesi; bibi alinong'ona kwa ulimi ule mzito, na Mwanaidi hakuyashika maneno. Kwa Shamsia hakuna kilichobadilika. Walimchukia akiwa amekufa kama walivyomchukia akiwa hai, na sasa wakasema Adamu akinyongwa, ni yeye aliyemwua.

Ila kwa Mwanaidi yalibadilika. Msiba wa kwanza uliofuata, walimfuata muosha wa Ngombezi. Wa pili, walimwita Maryamu. Hakuna aliyemwambia neno. Wanawake walimjulia hali, wakanunua maandazi yake, na wakati wa kupokea walishika mfuko kwa ncha za vidole. Mmoja tu ndiye aliyeendelea kuvuliwa nguo na mikono yake, naye hakuwa na hiari. Kila asubuhi Mwanaidi alipasha maji, akamgeuza Bi Sakina, akamsugua mgongo uliokuwa unaanza kuchubuka. Bi Sakina hakumsemesha tena. Alifumba macho mpaka amalizwe kuoshwa, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Alikufa wakati wa kiangazi, alfajiri, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda. Mwanaidi alimfumba macho, akamfunga kidevu, akatandika chumba cha ndani, akachemsha maji na majani ya mkunazi. Alikuwa anatafuta pamba Maryamu alipoingia na wanawake wawili.

"Umefika," alisema Mwanaidi. "Nishikie miguu tumhamishe."

Maryamu hakusogea. "Dada, tuachie sisi."

"Ni mama mkwe wangu. Nimemwogesha mpaka jana."

"Najua."

"Ni nani aliyekataa? Sheikh?"

"Mwenyewe," alisema Maryamu, akiutazama ukuta. "Alimwambia Abdi kwenye simu, na Abdi kaniambia mimi. Alisema, akiwa hai hana la kufanya, lakini akifa, yule asimguse."

Mwanaidi alikumbuka namna alivyoishikilia ile simu, mkono ukifa ganzi, akihama upande ili bibi asikie vizuri. Wale wanawake wawili walikuwa wameshaanza kutundika khanga.

"Na wewe, Maryamu? Wewe uliona nilichokiona."

"Mimi sikuona kitu, dada," alisema Maryamu. "Toka basi, maji yanapoa."

Alitoka. Uani majamvi yalikuwa yametandikwa, na watu walishaanza kuingia kwa mlango wake bila kubisha hodi, kama inavyokuwa msibani. Alipokaa, jamvi lile likawa na nafasi pande zote. Kutoka ndani alisikia maji yakimwagika, kisha kimya, kisha sauti ya Maryamu ikisema, "Mgeuze taratibu." Alijua walikuwa wamefika mgongoni, pale palipochubuka. Hawakujua pa kushika ili asiumie.

Alinyanyuka akaenda hadi kwenye khanga za mlangoni, akasimama.

"Msimshike chini ya bega," akasema. "Panamuuma."

Ndani maji yalikatika. Baada ya muda yakaanza kumwagika tena, na mwanamke mmoja kutoka majamvini akaja akamshika kiwiko kwa heshima, akamwelekeza jikoni, ambako sufuria za jana zilikuwa bado hazijasuguliwa.